Kichanja cha Viazi

Mwezi wa saba tangu mkewe aanguke, Kipimo alikuwa amezoea kusema uongo mara moja kwa siku, jioni, baada ya kumnywesha chai.

"Shamba?" mkewe aliuliza. Tangu apatwe na kiharusi, maneno yalimjia moja moja, kama wageni wasiojuana.

"Lipo, mama. Vitunguu vimeshika vizuri. Majani yamefika hapa." Akaonyesha kwa kiganja, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Wiki iliyofuata angekipandisha kiganja kidogo, maana hata katika uongo alikuwa mtu wa vipimo. Alikuwa amefanya useremala miaka arobaini, na jina la Kipimo alipewa na wateja waliochoka kumsubiri: fundi asiyekata ubao mpaka aupime mara tatu, na mara ya nne msumeno ukiwa tayari mkononi.

Ukweli ni kwamba vitunguu havikuwapo. Shamba lao lilikuwa chini bondeni, kando ya kijito, mwendo wa dakika saba kwa mtu mwenye miguu mizima, na tangu siku ile Kipimo hakuwahi kulifikia. Mara tatu alibeba jembe akateremka. Mara tatu akafika kwenye kona ambapo nyumba haionekani tena, akasimama, akageuka. Alijiambia kwamba hawezi kumwacha mgonjwa peke yake. Ilikuwa kweli, ila si kweli yote. Mkewe aliangukia huko huko shambani, katikati ya matuta, na Kipimo hakutaka kupaona.

Uongo wa kwanza ulimtoka hospitalini. Siku ya tisa mkewe alifumbua kinywa, na neno la kwanza halikuwa jina la mumewe wala la binti yao. Lilikuwa "vitunguu." Kipimo akajibu upesi, "Vipo, vipo, usiwe na wasiwasi." Basi uongo ukazaa. Msimu ulipokwisha alivivuna kwa mdomo, akaviuza kwa mdomo, akapanda vingine. Safari moja alinunua kilo mbili sokoni akamwekea mapajani. "Haya, vya kwetu hivi." Mkewe alishika kimoja kwa mkono wake mzima, akakinusa, akakirudisha.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na watu wawili, na vyumba viwili vilikaa vimefungwa. Muuguzi alikuja na pikipiki kila mwisho wa mwezi. Binti yao, aliyefanya kazi mji wa mbali, alipiga simu kila Jumapili. Mwanzoni majirani nao walikuja. Walikaa ukingoni mwa viti, wakamuuliza Kipimo, "Anaendeleaje?" ilhali mwenyewe yuko mbele yao anawasikia. Kisha wakawa wanapungua. Kipimo hakuwalaumu, aliacha tu kuinjika birika kubwa.

Asubuhi moja trekta lilipita barabarani mbele ya dirisha. Nyuma yake lilikuwa na kichanja cha chuma kilichoshikizwa kwenye mikono ya kuinulia, na juu ya kichanja alisimama mbuzi, ametulia, anatazama dunia kama mheshimiwa anayekagua barabara.

"Hicho," mkewe akasema, akinyoosha kidole.

Kipimo akachungulia. "Mbuzi? Unatamani nyama?"

"Hicho!"

"Au unataka tufuge? Mama, nani atamkatia majani?"

Mkewe akafumba macho, akakusanya nguvu zake. "Mimi. Pale. Shamba."

Hapo Kipimo akaelewa, na moyo ukamshuka. Walikwisha kujaribu kiti cha magurudumu walichopewa hospitalini. Hatua ya kumi na nne, na Kipimo alizihesabu, magurudumu yalizama kwenye mfuo wa maji ya mvua, akarudi amemwinamia mkewe akimvuta kinyumenyume, jasho likimtiririka. Siku ile alihuzunika mbele yake na kushukuru moyoni. Njia ile ilikuwa ya trekta tu, na trekta lao dogo lilikuwa bandani, zima, lakini halikuwa na mahali pa kumweka mtu. Sasa mbuzi wa watu amekuja kuonyesha mahali.

Binti yao aliposikia kwa simu alisema, "Baba, nenda kanunue, nitatuma hela leo hii. Una sababu gani ya kusita?"

Kipimo hakuwa na sababu anayoweza kuitaja.

*

Duka la zana za kilimo lilikuwa njia panda, dakika arobaini kwa mwendo wa trekta. Kipimo alimwacha mkewe dirishani, kikombe cha maji upande wa mkono mzima, simu mapajani, akaahidi kurudi kabla ya saa sita.

Muuzaji alikuwa msichana aliyevaa ovaroli, penseli ameichomeka kwenye nywele.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Unatafuta kichanja cha kubebea nini?"

Kipimo alikuja amejiandaa kwa kila swali. Upana wa mikono ya trekta aliujua, unene wa pini aliujua, uzito ambao trekta linaweza kuinua aliuandika kwenye karatasi. Swali hilo moja hakuwa amejiandaa nalo. Akatazama pembeni. Wanaume wawili walikuwa wakichagua boliti kwenye ndoo.

"Viazi," akasema.

"Gunia ngapi?"

"Gunia moja. Dogo."

Msichana akamtazama. "Gunia moja, mzee? Hilo si la kubeba kwa toroli?"

"Toroli linazama."

Msichana akampeleka uani, kulikopangwa vichanja vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha mbao, kipana, hakina ukingo. Kipimo akavuta tepu yake. "Mita moja na themanini. Njia yetu pale penye mawe ni mita moja na nusu. Hiki kitakwama."

Cha pili kilikuwa kama kasha la bati zito, lina kuta pande zote. "Hiki watu wanakipenda," msichana akasema. "Ukivuta huu mkono, kinamwaga chenyewe. Hushuki hata kwenye usukani." Akavuta. Kasha likabinuka, likapiga chini kwa kishindo. Kipimo akaruka nyuma, kiganja kifuani.

"Hapana! Hicho cha kumwaga hapana."

Cha tatu kilikuwa kidogo kuliko vyote. Sakafu yake ilikuwa ya wavu wa chuma usioteleza, kina reli pande tatu, na upande wa nne ulilala chini ukawa kama daraja la kupandishia mzigo. Kipimo akapiga goti.

"Kinashuka mpaka wapi?"

"Mpaka kinagusa udongo."

"Kikiinuka, kinashtua?"

"Inategemea mkono wa anayeendesha."

"Na injini ikizimika ghafla mlimani, kinaanguka?"

"Hakianguki, kinashuka taratibu. Ukitaka kisishuke kabisa, unafunga mnyororo hapa."

"Kinatikisika sana?"

Wale wanaume wa boliti walikuwa wamesogea kusikiliza. Mmoja akacheka. "Mzee, viazi vyako vinaogopa kutikiswa?"

"Hivyo si viazi," mwenzake akasema, "hayo ni mayai!"

Wakacheka wote wawili. Kipimo akajifanya anacheka nao. Akainama tena, akalaza tepu kutoka reli hadi reli, na kwa mazoea ya miaka mingi midomo yake ikawa inahesabu kwa sauti. "Kiti sitini na mbili... mguu wa kulia unataka nafasi, haukunji... hapa mkono..."

Msichana akawageukia wanaume. "Boliti zenu mmeshapata? Nendeni mkalipe mbele." Walipoondoka akachuchumaa karibu na Kipimo. "Baba," akasema, na hakusema tena mzee, "viazi havina mguu wa kulia."

Kipimo akaikunja tepu polepole. Ikambana kidole.

"Ni mke wangu," akasema. "Hatembei. Anataka kuona shamba."

Msichana hakucheka. Akamwonyesha kibandiko kwenye reli: picha ya mtu aliyesimama juu ya kichanja, amekatwa na mstari mwekundu. "Hakijatengenezwa kwa ajili ya watu. Nikikuuzia huku najua, halafu mama akaumia, mimi nitaishije? Nisamehe, baba."

"Hujakosea, mwanangu. Umesema haki."

Akapanda trekta lake akarudi. Nusu ya njia aligundua kwamba anapiga mluzi. Akanyamaza ghafla, akatazama huku na huku kama mtu aliyefumaniwa. Alikuwa amefurahi. Amenyimwa kitu alichokwenda kumtafutia mkewe, naye amefurahi. Alijiona mtu duni kuliko alivyowahi kujiona katika maisha yake.

*

"Wamekataa, mama," akasema akivua kofia mlangoni. "Wanasema ni hatari, hakibebi watu. Nimeonyeshwa mpaka na kibandiko."

Mkewe akamtazama kwa muda. Nusu moja ya uso wake haikuweza kuonyesha kitu. Ile nyingine ilionyesha kwa niaba ya zote mbili.

"Mwongo," akasema.

Lilitoka safi, bila kukwama. Kwa wiki nzima hakuwa ametamka neno zima namna hiyo. Kipimo akaanza kuapa, maana kwa mara ya kwanza katika miezi saba alikuwa amerudi na habari ya kweli. "Wallahi, mama, haki ya Mungu, mpigie simu huyo binti wa dukani..."

Mkewe aliinua kidole akakielekeza sakafuni, kwenye miguu ya mumewe.

"Viatu," akasema. Akapumzika. "Safi."

Kipimo akatazama viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, viking'aa, kamba zimefungwa vizuri. Shamba lile lilikuwa la udongo mwekundu unaonata, na mtu akitoka huko hurudi na nusu ya shamba kwenye nyayo. Miaka thelathini mkewe alimgombeza kwa udongo anaouingiza ndani. Na miezi hii saba, kila jioni, alikuwa amekaa mbele yake na viatu safi akimsimulia majani yaliyofika wapi.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ile ya Kipimo ilikuwa ndefu kwa sababu mtu mmoja aliamua kuiacha iendelee. Mkewe alijua. Tangu lini? Pengine tangu jioni ya kwanza. Alimwacha aseme, kama mtu anavyomwacha mgeni wake amalize hadithi aliyokwisha kuisikia.

Kipimo akakaa kitandani. Mkewe akageuza uso dirishani. Jioni ile hakuuliza habari za shamba. Wala kesho yake. Alikunywa chai kwa kushika kikombe mwenyewe, ikamwagika kifuani, na Kipimo aliponyoosha kitambaa akaupiga mkono wake pembeni. Walikaa siku mbili chumba kimoja, na Kipimo akatambua kwamba afadhali kuishi na anayekuuliza ukamjibu uongo, kuliko kuishi na asiyekuuliza kitu.

*

Siku ya tatu alirudi dukani.

"Binti yangu," akasema kabla hata ya salamu, "sikuja kukudanganya tena. Mke wangu nitampeleka shambani. Nikimbeba mgongoni tutaanguka wote wawili, mimi nina miaka sitini na tisa. Sikuombi uniambie hakina hatari. Nisaidie nisimuue."

Msichana akachomoa penseli kichwani, akamwita mchomeleaji wa nyuma ya duka. Wakakizunguka kile kichanja kidogo, wote watatu, kwa saa nzima. Mchomeleaji alitaka kuondoa wavu aweke bati, ili kipendeze. Kipimo akakataa, maana bati likilowa linateleza. Msichana alitaka reli ya nne yenye komeo, ipande mpaka kifuani mwa mtu aliyekaa. Wakaweka kulabu nne za kufungia kiti, mkanda wa kiunoni, na minyororo miwili, ili mmoja ukikatika mwingine ushike. Mbele ya trekta wakafunga vyuma vizito, kwa kuwa mzigo ukiwa nyuma na njia ikiwa ya mlima, pua ya trekta hunyanyuka na usukani hautii.

"Gia ya kwanza tu," msichana akasema. "Kiinue kiganja kimoja kutoka chini, basi. Na jambo lililo kubwa kuliko yote, baba: asikae peke yake. Wewe ukiwa kwenye usukani umempa mgongo. Mtu akae naye huko nyuma amshike."

"Nimekusikia."

"Mna mtu?"

"Watu wapo," Kipimo akasema, akatazama trekta.

*

Alikileta kichanja nyumbani akidhani ataweza bila mtu. Alikishusha mbele ya mlango, akalaza lile daraja, akakisukuma kiti cha mkewe mpaka ukingoni. Alikuwa amekipima chumbani mara tatu; kingeingia na kubaki nafasi pana upande mmoja.

Mkewe akanyoosha mkono akashika fremu ya mlango.

"Twende, mama. Si ulikitaka?"

"Nani... nyuma?"

"Nitakwenda taratibu. Kuna mkanda, kuna minyororo. Nitageuka kila mara kukuangalia."

Mkewe akatazama kulabu, na komeo, na minyororo. Akatikisa kichwa. "Gunia," akasema. Kisha, akihangaika na kila silabi, "Mimi si... gunia."

Akapiga kiganja kwenye reli, upande wa pili wa nafasi ya kiti, palipotosha mtu mmoja kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Wewe. Hapa."

"Mimi nikikaa hapo, nani ataendesha?"

Mkewe akageuza macho kuelekea barabarani, kwenye nyumba ya tatu, yenye paa la kutu.

Nyumba ile ilikuwa ya mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe, aliyeitwa Dereva, kwa sababu aliendesha malori maisha yake yote mpaka macho ya usiku yalipomkataa. Siku ile ya kuanguka, Kipimo alikuwa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, mashine ya randa inanguruma, na mkewe yuko shambani tangu asubuhi. Saa tisa ndipo Dereva alipotokea uani, anahema, amembeba mwanamke mgongoni. Gauni la mkewe lilikuwa limelowa na kupanda juu ya magoti. Kipimo, badala ya kushukuru, alimvuta mkewe kwa nguvu akapiga kelele: "Nipe mke wangu!" Kama vile ameibiwa. Hilo ndilo neno la mwisho walilosemezana. Tangu hapo ilikuwa kuinuliana mkono kwa mbali, na siku nyingine hata mkono haukuinuka.

Alitembea zile nyumba tatu kana kwamba anapanda mlima. Dereva alikuwa uani kwake, anafua shati moja kwenye beseni.

"Hodi hapa."

"Karibu." Dereva akasimama, povu mikononi, hakujua aipangusie wapi. Kulikuwa na kiti kimoja tu. Wote wawili wakakitazama, hakuna aliyekikalia.

"Nimekuja na maneno mawili," Kipimo akasema. "La kwanza lina miezi saba. Ulinibebea mke wangu kutoka bondeni mpaka nyumbani, nikakufokea mbele yake. Sikukushukuru. Kila siku nilisema kesho, na kesho ikawa ngumu kuliko leo. Nisamehe, ndugu yangu."

Dereva akatazama beseni. "Mimi nilidhani umenichukia kwa kuchelewa," akasema.

"Kuchelewa?"

"Nilipumzika njiani mara mbili. Mgongo ulinikataa. Pale kwenye kona nikamlaza chini kabisa, nikakaa, labda dakika kumi. Daktari alipokuambia angewahi kidogo tu hali isingekuwa hivi, watu walinisimulia. Nikasema basi, Kipimo amepiga hesabu zake, amezijua zile dakika kumi. Ndiyo sababu hatanisalimia tena."

Nyumba tatu tu zilikuwa kati yao. Miezi saba, kila mmoja amekaa nyuma ya ukuta wake na kosa lake, akidhani mwenzake ndiye mwenye kinyongo.

"Mimi nilikuwa hatua mia sita kutoka kwake," Kipimo akasema, "na sikujua hata kama ameanguka. Usiniambie mimi habari za dakika kumi."

Shati likazama polepole kwenye beseni.

"Na neno la pili?" Dereva akauliza.

"Bado unaweza kuendesha gia ya kwanza?"

*

Waliteremka saa nne asubuhi. Dereva alishika usukani kwa mikono miwili, amenyooka kama amebeba mafuta ya petroli, na trekta lilikwenda polepole hata kuku mmoja akalipita. Nyuma, Kipimo alikaa juu ya ndoo, bega lake likigusana na la mkewe, mkono mmoja ameshika reli na mwingine ameuzungusha nyuma ya kiti. Walikaa wakitazama walikotoka. Nyumba yao ikawa inapungua, na dirisha lile ambalo mkewe alilitumia kuitazama dunia miezi saba likaonekana kutoka nje: dogo, jeusi, na kikombe cha jana kimesahauliwa juu yake.

Penye mawe kichanja kilitikisika. Mkewe akamshika Kipimo goti, akaliminya.

"Nisimame?" Dereva akapiga kelele bila kugeuka.

"Twende," mkewe akajibu.

Walipofika kwenye kona, nyumba ikapotea. Hapo ndipo Kipimo aliposimama akageuka safari zile tatu. Lakini safari hii hakuwa na miguu ya kugeukia.

"Hakuna vitunguu," akasema, akitazama mbele yake. "Sijafika huku tangu siku ile. Hata mara moja."

"Najua."

"Basi kwa nini unataka kwenda?"

Upepo wa bondeni ulikuwa umeanza kuwafikia, una harufu ya maji na majani mabichi, na mkewe akainua uso akaufumbia macho.

Shamba halikuwa shamba tena. Magugu yalikuwa yamefika kifuani mwa mtu, yametoa maua ya manjano, na matuta aliyoyapanga mkewe kwa kamba, mstari kwa mstari, yalikuwa yamezama chini yake kama mambo yasiyowahi kutokea. Dereva alikishusha kichanja mpaka kikagusa udongo. Kipimo akalaza daraja, akamteremsha mkewe kinyumenyume, akamsimamisha ukingoni mwa shamba. Alisubiri alie, au amtukane. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

Mkewe alitazama kwa muda mrefu sana. Macho yake yalipita juu ya magugu, yakatafuta, yakahesabu kitu fulani kutoka kwenye jiwe la mpaka, halafu yakatulia.

"Pale," akasema.

"Pale pana nini?"

"Nenda."

Kipimo akaingia. Magugu yalimpiga usoni, yakamshika suruali. Alipogeuka kumtazama, mkewe akaonyesha kwa kidole: mbele zaidi, kushoto, zaidi. Akafika mahali ambapo kisigino chake kiligonga chuma. Akainama, akapapasa. Lilikuwa jembe dogo la palizi, mpini umeoza, limelala ubavu.

"Kaa," sauti ya mkewe ikasema kwa mbali.

Akakaa. Udongo ulikuwa na maji, ukamlowesha. Magugu yakamfunika, na nyumba haikuonekana, wala njia, wala trekta, wala kiti cha mkewe. Kulikuwa na kipande cha mbingu tu, na wadudu. Akalala ubavu, jinsi jembe lilivyolala. Kijito kilikuwa karibu kuliko alivyokumbuka, na kelele zake zilijaza masikio yote.

"Nilikuita," mkewe akasema.

Sauti ilimfikia imechujwa na majani. Hakuwa na uhakika kama amesikia sawa. Akashikilia pumzi.

"Nilikuita. Siku... nzima."

Kipimo akaona mbele ya macho yake karakana, mashine ya randa, vumbi la mbao, na yeye mwenyewe anapuliza ubao ausafishe, anapima, anapima tena, hana haraka na kitu. Ulikuwa mlango wa kabati la mtu. Aliupima mara tatu siku ile. Alitaka kusema hakusikia, kwamba ni ile mashine, kwamba angesikia angekuja mbio. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa. Alilala pale kwenye maji, shavu udongoni, mzee mzima, akalia bila kujificha kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona. Ndivyo palivyokuwa mahali penyewe. Ungelia hapo mpaka saa tisa.

Kisha akamsikia anaita.

Hakuita Kipimo. Wala hakusema mzee, wala baba fulani. Aliita jina lake lenyewe, alilopewa na mama yake, ambalo tangu wazazi wake wafe hakuna mwingine aliyelitumia. Lilitoka nusu nusu, silabi ya kwanza nzito, ya mwisho imemezwa, na lilikuwa dogo kama sauti ya mtu aliye chini ya kisima.

"Naam!" Kipimo akaitika.

Kimya. Wadudu, kijito. Halafu mkewe akaita tena, kama mtu asiyeamini kwamba amejibiwa.

"Naam, mama! Nipo! Nimekusikia!"

Akaita mara ya tatu, na ya nne. Kila alipoita, Kipimo aliitika kutoka ndani ya magugu. Dereva, aliyekuwa amesimama karibu na trekta, alivua kofia yake, akaenda upande wa pili kukagua magurudumu ya mbele, ambayo hayakuwa na tatizo lolote, akayakagua mpaka walipomaliza.